Unga wa Mke wa Mlinzi

Tulikuwa tumepanga Bariadi mjini, kwenye ua wa mfanyabiashara mmoja wa vitenge. Vyumba vilikuwa vya tofali mbichi na bati, vimeungana kwa mstari, vikitazama mpapai uliosimama katikati ya ua. Mume wangu alifundisha shule ya msingi. Mimi nilikuwa na mtoto wa kwanza, bado ananyonya. Chumba kilichofuata kilikuwa cha mlinzi na mke wake, na watoto wao wawili wa kike.

Mlinzi alikuwa mtu wa Migato, mrefu, mkimya, aliyepitia mgambo ujanani. Kanisani aliimba besi. Mke wake alipokuwa na mimba ya tatu, yeye ndiye aliyekwenda bombani na ndoo mbili kabla ya kwenda kazini, na wanaume wa mtaa wakamcheka. Aliwasalimia, akapita na ndoo zake.

Zile zilikuwa enzi za ruksa. Pamba yetu ilikuwa imezoea kwenda ushirika tu, kisha soko likafunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia kwa malori yao. Mmoja akakodi ghala kando ya barabara ya kwenda Lamadi, akafunga mizani mlangoni, akamwajiri jirani yetu kulilinda. Kabla ya hapo alikuwa amelinda maghala kwa rungu na upinde. Tajiri huyu mpya akampa bunduki.

Sisi watu wa kule tuliijua bunduki kwa mbali. Tulijua magobore ya wawindaji, na askari tuliwaona nazo begani. Lakini mtu tunayechota naye maji, mtu anayeimba nasi Jumapili, kusimama mlangoni mwa ghala na bunduki ya kweli, lilikuwa jambo geni. Watu wakaanza kumwita Kamanda. Bunduki ililala ghalani, hakuwahi kuileta nyumbani. Binti yake mkubwa alipomwomba amwonyeshe, alimwambia, "Bunduki si ya kuonyesha watoto."

Pale ghalani alifanya kazi na karani wa mizani, kijana wa Ipililo, wa kwanza nyumbani kwao kumaliza kidato cha nne. Alikuwa mcheshi. Akisoma kilo alizitangaza kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, na wakulima waliosimama juani tangu asubuhi walicheka, wakasahau kugombana. Yeye na mlinzi walikuwa marafiki. Mara nyingi mchana walikuja wote pale uani kula, na mke wa mlinzi aliwapakulia sahani moja.

Utani wa karani ulikuwa mmoja, aliurudia kila siku. Alisema ile bunduki haina kitu ndani, ni mpini wa jembe uliopakwa rangi. Mlinzi aliendelea na kazi yake.

Siku yenyewe, mimi na mke wa mlinzi tulikuwa tukitwanga mtama. Kinu kilikuwa chake, mchi wa pili wangu, na mtoto wangu alikuwa amelala mgongoni. Tukasikia mlio mmoja.

"Tairi," akasema mwenzangu, akaendelea kutwanga.

Nilikubaliana naye. Malori ya pamba yalikuwa yakipasua matairi kila mara kwenye ile barabara. Tulitwanga bila wasiwasi, mpaka tuliposikia mwano, lile yowe la Kisukuma la kuitana kwenye hatari, ukianzia upande wa ghala na kupokewa mtaa kwa mtaa. Wanaume wakatoka madukani, wengine na fimbo, wengine mikono mitupu. Mwanamke mmoja akapita mlangoni kwetu mbio, akasema majambazi wamevamia ghala la pamba, wameua mtu.

Mwenzangu akaachia mchi. Alijua mumewe ndiye anayesimama mlangoni pale. Akatoka mbio na mimba yake, khanga ikimwanguka, akilia, "Mume wangu, mume wangu." Nikamfuata. Njiani wanawake wengine wakajiunga nasi, na wawili wakamshika mikono huku na huku ili asije akaanguka. Mmoja alikuwa muuza nyanya tuliyemzoea. Akawa anamwambia, "Jikaze, mama. Mungu yupo. Jikaze."

Tukafika. Umati ulikuwa mkubwa na kimya, na ukimya ule ndio ulionitisha kuliko yowe. Watu walitugeukia, wakatutazama, wakatupisha. Karani alikuwa amelala mbele ya mizani, amefunikwa shuka la kufungia pamba. Mlinzi alikuwa ameketi chini, ameegemea gurudumu la lori, mikono imefungwa kamba. Alikuwa mzima. Mke wake alipomwona yu mzima, nilisikia pumzi ikimtoka, nikadhani atacheka.

Ndipo mwanamume mmoja akasema, si kwa ukali, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, "Huyu ndiye mke wake. Mke wa aliyeua."

Wale wanawake wawili wakamwachia mikono. Hawakumsukuma. Walimwachia tu, na kila mmoja akarudi nyuma kidogo. Alibaki amesimama peke yake katikati ya watu, mikono yake bado imeinuka kidogo kama vile inashikwa. Nilisogea nikamshika mimi, kwa sababu mikono ile ilikuwa haivumiliki kutazamwa.

Mkulima mmoja aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni alieleza alichokiona. Hapakuwa na ugomvi. Karani alikuwa amemaliza kupima furushi lake, akamgeukia mlinzi kama kawaida, akasema, "Kamanda, huo mpini wako unalia kweli? Hebu tuusikie." Watu wakacheka. Mlinzi akainua bunduki, akaielekeza kwake, ikalia. Kisha akailaza juu ya pamba, taratibu, akaenda kukaa pale kwenye gurudumu. Hakukimbia.

Wapo waliotaka kummaliza palepale, na mawe yalikwisha kuokotwa. Kiongozi wa sungusungu wa mtaa wetu, mzee mfupi aliyekuwa fundi baiskeli, akasimama mbele ya mlinzi.

"Kijana huyu ana mama Ipililo," akasema. "Mkimuua huyu sasa, yule mama akija atamuuliza nani?"

Mawe yakaachwa yaanguke. Polisi walipofika wakamkuta bado hai, wakamchukua. Alipopita mbele ya mkewe alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la kitu.

Kuanzia jioni ile mji mzima ukawa na kazi moja, kutafuta sababu. Nadhani watu hawakuweza kulala na jambo lisilo na sababu. Sokoni walisema karani alikuwa akimwendea mke wa mlinzi. Kwenye vilabu vya pombe walisema tajiri wa pamba alihitaji kafara ili biashara ishike. Wengine walisema amelogwa, wengine malaria imempanda kichwani, wengine wakasema ni ule mgambo, ukifundishwa kulenga utalenga tu. Madereva wa malori waliibeba habari hadi Lamadi, na ilipoturudia kwa wauza samaki, walikuwa wamekufa watu wengi na mlinzi ametoroka kwa mtumbwi ziwani. Vijana kijiweni walisema kwa sauti ya watu wanaojua dunia, "Hii ndiyo ruksa yenyewe. Mlitaka vitu vya nje, si ndiyo hivi."

Siwacheki. Mimi mwenyewe nililala nikipitia kila neno nililomsikia akisema, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kujua. Sikupaona. Asubuhi ile ile alikuwa ameniambia, "Shemeji, mtoto wako anakohoa, mpe maji ya uvuguvugu." Mtu aliyesema hivyo alfajiri ndiye aliyefanya vile mchana. Mpaka leo sijaweza kuwaunganisha.

Lakini sababu zote zile zilikuwa na mahali pa kuangukia, na mahali penyewe palikuwa mlangoni kwa jirani yangu. Bombani wanawake hawakumtukana. Alipofika, mazungumzo yalikatika, foleni ikampisha mbele, achote haraka aondoke. Heshima ile ilikuwa mbaya kuliko tusi. Binti yake mkubwa alirudi kutoka shule akasema wenzake wanamnyooshea kidole na kusema "paa". Mume wangu alikwenda kulisema hilo darasani, likakoma shuleni, likaendelea njiani. Kanisani tuliombea marehemu na familia yake, na maombi yakaishia hapo. Alikuwa amekaa benchi la nyuma na watoto wake. Niliona midomo yake ikisema amina.

Kukawa na uvumi kwamba watu wa Ipililo watakuja kulipiza, kwamba watachoma nyumba. Majirani kadhaa wakaenda kwa mwenye nyumba wetu. Alikuwa Mwislamu, baba yake alitoka Ujiji, mama yake Msukuma wa hapohapo, mtu wa maneno machache anayependa kukunja vitenge vyake mwenyewe. Walimwomba amwondoe yule mama kabla balaa halijafika.

"Nilimpangisha mume na mke," akawaambia. "Mume amechukuliwa na serikali. Mke amefanya nini?"

"Si kwamba amefanya kitu, mzee. Tunaogopa tu."

"Hata mimi naogopa," akasema. "Mwacheni akae."

Mchana ule alifunga duka, akaja na kiti chake, akakiweka kwenye lango la ua, akaketi na tasbihi yake hadi jua likazama. Kesho yake akaja tena. Wenye hamu ya kuchungulia walimkuta yeye kwanza, wakamwamkia, wakapita. Huyo mzee sijamsahau.

Mazishi yalikuwa Ipililo. Walimu wa shule ya mume wangu walichanga rambirambi, wakapata gari, na wake zao tukaambiwa twende tukasaidie wanawake wenzetu wa msibani. Asubuhi ya safari mke wa mlinzi akaja mlangoni kwangu na beseni la unga wa mtama, limefunikwa kitambaa cheupe. Ulikuwa ule mtama tuliokuwa tukitwanga. Alikuwa ameumalizia peke yake, akaupeleka mashineni.

"Dada, nipelekee," akasema. "Alikula kwangu. Siwezi kukaa kimya kama vile simjui."

Mume wangu alitazama lile beseni kwa muda. Aliogopa litaleta fujo. "Na wakiuliza umetoka kwa nani?"

"Waambieni ukweli," akasema yule mama. "Wakiumwaga, ni haki yao."

Nilibeba beseni mapajani njia nzima, na wake wa walimu wenzangu, walipojua ni la nani, hakuna aliyeligusa, lakini pia hakuna aliyesema niliache.

Ipililo tulikuta msiba mkubwa. Watu walikuwa wametoka vijiji vya jirani. Wanaume walikaa kwenye vigogo wakizungumza chini chini, na jambo lililosemwa zaidi lilikuwa ni jinsi alivyokuwa akitangaza kilo. Mama wa marehemu alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Alikuwa mwembamba, macho makavu, sauti imemkauka. Nikapiga magoti, nikamwamkia kama mama yangu, "Mwadila, mayu," akaitikia. Nikampa pole ya walimu. Kisha nikaweka beseni mbele yake, nikamwambia limetoka kwa mke wa mlinzi.

Dada wa marehemu akainuka papo hapo. "Litoke," akasema. "Litoke nje sasa hivi." Mwanamke mwingine akaanza kulia. Nikashika kingo za beseni nilinyanyue.

Mama akaweka mkono juu ya kitambaa cheupe. "Ana watoto?" akaniuliza.

"Wawili, mayu. Na mwingine yuko tumboni."

"Nani anampikia?"

Sikutegemea swali hilo. Nikasema anajipikia mwenyewe, na mimi humsaidia.

Nje walikuwa wakipasua kuni. "Mimi unga huu siwezi kuula," akasema mwishowe. "Koo langu litakataa. Wala nyinyi msiupike hapa. Lakini hautarudi. Uwekeni pale pembeni." Akaniangalia. "Mwambie umefika."

Beseni likakaa pembeni siku ile yote, kitambaa chake juu, na wanawake walilizunguka walipopita na sufuria. Sijui baadaye walilifanyia nini. Niliporudi Bariadi nilimweleza mwenzangu kila neno, sikupunguza wala kuongeza. Aliposikia "umefika", alikaa kwenye kizingiti cha mlango akajifunika uso kwa khanga. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu mchana ule wa ghalani.

Watu wa Ipililo hawakuja kuchoma nyumba. Aliyekuja, baada ya mtoto wa tatu kuzaliwa, ni yule mama mwenyewe, pamoja na kaka yake. Walikuwa wameitwa mjini kwa ajili ya kesi, na walipotoka mahakamani aliulizia njia ya kuja kwetu. Mwenye nyumba hakuwa langoni siku hiyo. Watu wakamwona akiingia, wakaanza kukusanyika nje ya uzio wa minyaa. Kaka yake alibaki amesimama mlangoni, hakutaka kuketi.

Mke wa mlinzi alikuwa akimwogesha mtoto. Nilipomwambia mgeni ni nani, alisimama, maji yakimchuruzika mikononi, halafu akapiga magoti palepale kwenye tope la maji ya kuogea.

"Inuka," yule mama akamwambia. "Mtoto atapata baridi. Sikuja kukugombeza."

Nikamchukua mtoto. Nikatoa mkeka. Yule mama akaketi, akaomba maji, akanywa kidogo, akaiweka kata kando.

"Mumeo nimemwona mahakamani," akasema. "Walimuuliza kwa nini, akasema hajui. Nilikuwa nimekwenda kusikia sababu, akasema hajui. Nikaona hana, hata kama angetaka kunipa." Akajipangusa mdomo kwa khanga. "Sasa nakuuliza wewe kitu kingine. Waliniambia mwanangu alikuwa akija hapa. Alikuwaje? Miezi ile yote sikumwona. Alikuwa akituma salamu tu."

Mke wa mlinzi alinitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa. Kisha akaanza kusimulia, akikatakata maneno, kwa Kisukuma. Alimweleza kwamba alikuwa mtu wa kuchelewa kunawa kwa sababu ya maneno mengi. Kwamba alipenda nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na akija akikuta nyama alisema nyama ni ya wagonjwa. Kwamba alikuwa akigombania ukoko na watoto, akiukwangua mwenyewe chunguni na kuugawa, na kipande kikubwa akijipa yeye kwa madai kwamba ndiye mwenye kazi ya kupima.

Mama alikuwa akisikiliza ameinama. Hapo akatikisa kichwa, na mdomo wake ukavutika upande mmoja.

"Hata nyumbani," akasema. "Hata nyumbani ukoko ulikuwa wa vita."

Wakakaa hivyo. Mmoja alisimulia, mwingine aliuliza kitu kidogo, alivaa nini, aliugua lini, alikuwa na mchumba au la. Yule mama hakusema amesamehe, na hakuna aliyemwuliza. Alipoinuka alimtazama mtoto mikononi mwangu, hakumgusa, akasema, "Mlee." Akatoka na kaka yake, na watu waliokuwa uzioni wakawapisha.

Kesho yake bombani muuza nyanya alimsalimia jirani yangu. "Mwangaluka," akamwambia, na akamuuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Baada yake akaja mwingine. Nilielewa kwamba wengi wao hawakuwa na chuki hata siku moja. Walikuwa hawajui kama wanaruhusiwa, wakamsubiri mwenye msiba awaonyeshe.

Mlinzi alihukumiwa Shinyanga, kwa kuua bila kukusudia. Wapo waliosema adhabu ni ndogo, wapo waliosema anaonewa, kisha msimu mwingine wa pamba ukaanza, bei ikawa ndiyo habari ya mjini. Mwenye ghala alihamia wilaya nyingine. Jirani yangu alikaa nasi kwa muda, akiuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga langoni, halafu akaenda Lamadi kwa ndugu zake walioko kwenye biashara ya samaki. Na sisi tukahamishwa kikazi.

Miaka mingi ilipita kabla sijakutana naye tena. Nilikuwa safarini kwenda Mwanza, basi likasimama Lamadi, nikamwona nyuma ya meza ya dagaa, amenenepa, ana miwani. Alinitambua kabla mimi sijamtambua. Akamwacha msichana wake mkubwa mezani, akaja kuniletea soda dirishani, na kwa kuwa dereva alikuwa anakula, nikashuka.

Nilimuuliza kuhusu mume wake.

"Ametoka," akasema. "Yupo kwao Migato, analima mtama. Mimi naenda kila baada ya muda, nakaa, narudi. Haongei sana, lakini kanisani ameanza kwenda."

"Na Ipililo?"

"Alikwenda. Aliniambia nisimsindikize. Alikuta yule mama amekwisha kufariki, akapokewa na yule kaka mtu. Wakamwonyesha kaburi, akapalilia nyasi. Hawakumkatalia."

Alitaka kujua habari za mtoto wangu aliyekuwa akikohoa. Nikamwambia ni mkubwa, amenipita kimo. Akacheka, akasema wa kwake wa tatu naye ni hivyohivyo, milango yote anainama. Tukaendelea na habari za watoto hadi kondakta akaanza kupiga bodi la basi kwa kiganja, na yeye akanifungia dagaa kwenye gazeti, akakataa kupokea pesa.